Daftari la Tarehe za Kuripoti

Nilipoajiriwa kama karani wa takwimu katika chuo cha ufundi cha Serikali, mwishoni mwa miaka ya 80, hakuna aliyewahi kuniuliza kama chuo kinafanya kazi yake vizuri. Swali hilo halikuwa na pa kuulizwa. Nafasi za masomo zilipangwa Dar es Salaam kwa makadirio ya nguvukazi: maji wanahitaji mafundi sanifu kadhaa, ujenzi kadhaa, umeme kadhaa. Wizara inagawa, chuo kinapokea. Utaratibu huo ulianzia kwenye mipango ya kwanza ya maendeleo baada ya uhuru, pale taifa lilipojiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu wake ifikapo 1980. Ulikuwa na heshima yake, maana ulitokana na uchache wa kweli. Mwanachuo akishafaulu FTC (Cheti Kamili cha Ufundi Sanifu), mtihani uliosimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, barua ya kumpangia kituo cha kazi ilikuwa imeshaanza safari.

Kazi yangu ilikuwa kujaza majedwali ya wizara. Waliosajiliwa, waliofanya mtihani, waliofaulu, walioacha masomo. Nilipiga taipu nakala nne kwa kaboni: moja wizarani, moja kwa mkuu wa chuo, moja kwa msajili, na moja ofisini kwangu. Ya nne ilikuwa hafifu mno, haisomeki vizuri, na ndiyo iliyobaki kuwa kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka mzima wa watu zaidi ya mia mbili ulikaa kwenye karatasi moja, na safu ya mwisho, ya walioacha masomo, haikuwa na nafasi ya kuandika sababu.

Kisha miaka ya 90 ikaingia na dunia ile ikavunjika. Programu ya kurekebisha utumishi wa umma ilianza 1991, na punde maelfu ya watumishi wakapunguzwa kazi. Ajira mpya serikalini zikasimamishwa. Mashirika ya umma yapatayo 400, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakichukua vijana wetu, yakaanza kupangwa kuuzwa, kuunganishwa au kufungwa. Wakati huohuo wazazi wakaambiwa wachangie gharama za masomo. Ndani ya muda mfupi mambo mawili yaligeuka kwa pamoja: mwanachuo alianza kulipa, na kazi iliyokuwa ikimsubiri ikatoweka. Barua za kupangiwa vituo zikawa chache, halafu zikakoma. Nakumbuka wahitimu wakija ofisini kuulizia barua, na sisi hatuna la kuwaambia. Nasi tukaanza kuelewa kwamba hatujui vijana tunaowafundisha wanakwenda wapi.

Habari za Mlimani zilitufikia katika hali hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU pale Lumumba, kilikuwa kimetoka kwenye msukosuko mkubwa: kilifungwa Mei 1990 na kukaa hivyo hadi mwaka uliofuata. Profesa Matthew Luhanga alishika umakamu mkuu wa chuo 1991, na mwaka 1993 wakaanzisha programu ya mageuzi waliyoiita UDSM 2000. Mpango mkakati wao ulipitishwa 1994. Wakaunda kitengo maalumu cha kusimamia utekelezaji, na kila mwaka wakaketi na Serikali, wahisani na wadau wengine kueleza wamefikia wapi. Wenye fedha, wenye mamlaka na wanataaluma waliingia chumba kimoja, na chuo kikasoma mbele yao kilichofanyika na kisichofanyika. Hatukuwa na ukubwa ule wala wahisani wale. Lakini mkuu wetu wa chuo aliporudi kutoka mkutano mmoja jijini, alituambia ofisini, "Wenzetu wameanza kujiuliza wenyewe kabla hawajaulizwa. Na sisi tuanze."

Tulianza kwa warsha ya mpango mkakati, kama ambavyo vyuo karibu vyote vilikuja kuanza. Karatasi kubwa zilibandikwa ukutani: uwezo wetu, udhaifu wetu, fursa, vikwazo. Mkuu wa chuo alifanya jambo moja ambalo hadi leo naliona ndilo lililotuokoa. Hakuita wakuu wa idara peke yao. Alimwita mama wa masijala, mkutubi, mtunza stoo, mlinzi mkuu na mpishi mkuu, akawaketisha meza moja na wakufunzi. Baadhi ya wakufunzi walinung'unika chini kwa chini. Siku ya kwanza wale wa stoo na jikoni hawakusema kitu. Wakufunzi walizungumza juu ya upungufu wa mashine, uchakavu wa karakana, vitabu vya zamani, mishahara. Yote yalikuwa kweli, na yote yalihitaji fedha ambazo hazikuwepo.

Siku ya pili tulifika kwenye suala la kushindwa kwa mwaka wa kwanza. Kila mwaka kundi kubwa lilianguka hesabu na mekanika katika muhula wa kwanza, na maelezo yalikuwa yaleyale: vijana wa siku hizi wanaletwa na msingi dhaifu kutoka sekondari. Mpishi mkuu akanyoosha mkono. Alikuwa mzee wa Kinyakyusa, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mimi sijui hesabu zenu, waalimu. Ila muhula ukifungua, wiki tatu za kwanza napika unga mchache. Sahani hazijai. Wiki ya nne, ya tano, ndipo naongeza. Sasa hao wanaoongezeka wiki ya tano, wanasomaje?"

Chumba kilinyamaza. Msajili alisema takwimu za usajili zinaonyesha darasa limejaa. Mama wa masijala akajibu kwa upole kwamba usajili ni jina kwenye orodha; kuripoti ni kitu kingine, na yeye anayo tarehe ya kila mmoja. Alikwenda ofisini kwake, akarudi na daftari kubwa la jalada gumu, lililochorwa mistari kwa mkono. Kila mwanachuo alikuwa na jina lake, mkoa wake, namba ya risiti ya ada, na tarehe aliyokabidhiwa godoro. Alikuwa akiliandika kwa miaka, kwa sababu ya magodoro, asije akadaiwa.

Jioni ile mimi na mkufunzi wa hesabu tulikaa na lile daftari pamoja na matokeo ya mitihani. Tulichukua karatasi ya miraba, tukaandika upande mmoja wiki ya kuripoti na upande mwingine alama za muhula. Hatukuwa na kompyuta, wala hatukuihitaji. Kabla hatujamaliza darasa la pili picha ilikuwa wazi. Waliofika wiki ya kwanza walifaulu au kuanguka kama binadamu wengine. Waliofika baada ya wiki ya tatu walianguka kwa wingi wa kutisha, wakiwemo wale walioingia na alama nzuri kabisa za kidato cha nne. Mkufunzi wa hesabu alishika kichwa. Wiki tatu za mwanzo ndizo alizofundisha trigonometria na kugeuza kanuni, mambo ambayo upimaji ardhi, mekanika na michoro vyote vinayategemea. Aliyeyakosa hakukosa mada moja. Alikosa lugha ya masomo yote yaliyofuata.

Na kwa nini walichelewa? Namba za risiti zilijibu. Walichelewa kwa sababu ya ada. Utaratibu wa chuo ulisema asiyelipa yote hapokelewi, na mzazi wa kijijini mwenye mahindi au pamba hupata fedha kwa msimu wake, si kwa kalenda ya chuo. Kijana alikaa nyumbani akisubiri mnunuzi, halafu akaja akiwa na risiti kamili mkononi na wiki tano zilizopotea. Tulikuwa tumeandika kwenye majedwali ya wizara, mwaka baada ya mwaka, kwamba ameshindwa hesabu.

Nimesoma baadaye taarifa nyingi za tathmini, zenye majalada ya kung'aa na viashiria vya kila rangi. Sijaona iliyonifundisha zaidi ya ile karatasi ya miraba. Takwimu ya jumla ilisema wanafunzi ni dhaifu. Takwimu ileile, ilipogawanywa kwa tarehe ya kuripoti, ilisema utaratibu wetu ni mbovu. Na aliyeuliza swali lililofaa alikuwa mtu ambaye hakuna mpango mkakati wowote uliomtaja.

Kurekebisha kulikuwa kugumu kuliko kugundua, na hili watu hulisahau. Mhasibu alipinga ada kulipwa kwa awamu, na alikuwa na hoja. Hazina ilikuwa inaelekea kwenye utaratibu wa kutumia kilichokusanywa tu, ambao ulianza rasmi 1996, na fedha za matumizi mengineyo zilifika kwa kuchelewa au pungufu. Ada za mwanzo wa muhula ndizo zilizonunua unga na maharage. Ukiruhusu watu wote walipe kidogokidogo, jikoni kunalala. Mabishano yalikwenda hadi Baraza la Uongozi la chuo. Mwisho tulikubaliana nusu ilipwe siku ya kuripoti, iliyobaki kabla ya mitihani, na anayekwama aandikiwe makubaliano yenye sahihi ya mzazi. Mkufunzi wa hesabu naye, bila posho, akaanzisha kipindi cha jioni kwa wanaochelewa. Muhula uliofuata mama wa masijala alileta daftari bila kuitwa. Waliochelewa walikuwa wachache, na walioanguka walipungua kiasi kwamba tuliweza kuwaita mmojammoja na kuzungumza nao.

Jambo la pili tulilolifanya lilikuwa kuwafuatilia wahitimu. Siku hizi simu ya mkononi inampata mtu popote. Wakati ule tulikuwa na anuani ya S.L.P. ya baba, au jina la shule ya msingi ya kijijini, basi. Barua tulizotuma zilijibiwa kwa uchache. Mkuu wa chuo akasema, "Kama hawaji, tuwafuate." Tukapanda mabasi kwenda mikoani, wakufunzi wawili wawili, na mimi na fomu zangu za maswali zilizodurufiwa kwa stensili. Tuliuliza kwenye halmashauri, kwenye idara za maji, kwenye gereji, kwa mafundi wa redio sokoni, hata misikitini na makanisani. Tulikuta mmoja anasimamia ujenzi wa shule ya kata. Mwingine alikuwa akikarabati jenereta za wafanyabiashara na kupata zaidi ya mkufunzi wake. Mwingine, kijana mwenye cheti cha daraja la kwanza, alikuwa akiuza mitumba; alitusalimia, "Shikamoo waalimu," kisha akaanza kuzikunja nguo zake taratibu asitutazame usoni.

Mazungumzo ninayoyakumbuka kuliko yote yalikuwa na mhandisi wa maji wa wilaya moja. Alikuwa na wahitimu wetu kadhaa. Tulimuuliza maswali ya kwenye fomu: wanajua kazi, wana nidhamu, wanajituma? Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulipokuwa tunafunga fomu akasema, "Lakini mnaniuliza maswali ya kunifurahisha. Niulizeni nisichokipenda." Tukamuuliza. Akafungua droo akatoa makaratasi. "Vijana wenu wanachora vizuri sana. Sasa nikimpeleka kijijini peke yake akaangalie chanzo cha maji, akirudi hawezi kuniandikia mabomba mangapi, viungio vingapi, saruji mifuko mingapi, na gharama yake. Na taarifa yake ni nusu ukurasa. Mimi siwezi kumpelekea mkurugenzi mchoro nikamwambia atoe fedha."

Hayo hayakuwa kwenye mtihani, kwa hiyo hayakuwa darasani. FTC ilipima kuchora na kukokotoa, na vijana wetu walifaulu. Kwa kipimo chetu chuo kilikuwa kizuri. Kwa kipimo cha mtu aliyekaa wilayani akisubiri mradi, kilikuwa kimemletea fundi nusu.

Tuliporudi, mkuu wa chuo alikataza taarifa yangu isipelekwe wizarani kwanza. Aliitisha kikao cha wakufunzi wote na viongozi wa wanachuo, akanitaka nisome maneno ya waajiri kama yalivyo, bila kuyalainisha. Kikao hicho kilikuwa kizito. Mkufunzi mmoja mzoefu wa michoro aliona ametukanwa, akatoka nje. Alirudi baada ya chai. Wiki mbili baadaye yeye ndiye aliyeleta pendekezo: kila kikundi cha mwaka wa tatu kiende kijiji cha jirani, kipime, kichore, kiandae makisio ya vifaa na gharama, kiandike taarifa, na taarifa isomwe mbele ya serikali ya kijiji. Kijiji cha kwanza kilitukosoa bei ya kokoto. Wazee walijua bei kuliko sisi. Miaka michache baadaye tulipokwenda tena kwa yule mhandisi hakusema tumekuwa bora. Alisema, "Sasa hivi shida yangu ni nyingine," akatupa hiyo nyingine. Kwa mtu wa mipango hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, na kadiri baraza hilo lilivyosimama, mambo tuliyoyafanya kwa hiari yakawa sharti. Chuo kilitakiwa kusajiliwa, kujitathmini chenyewe, kuandika taarifa, na kukaguliwa ndipo kipewe ithibati. FTC ilikuja kuondoka, zikaingia ngazi za tuzo za ufundi kuanzia ya nne hadi ya kumi, na mitaala inayojengwa juu ya umahiri: mhitimu anaweza kufanya nini, badala ya amesoma saa ngapi. Nililipokea jambo hilo kwa furaha ya kweli. Yale maneno ya mhandisi wa wilaya yalikuwa yamepata sheria ya kuyabeba. Vyuo vingi ambavyo havikuwa vimewahi kumuuliza mwajiri lolote vililazimika kumuuliza, na hilo ni jema kubwa ambalo halisemwi vya kutosha.

Lakini nilishuhudia pia namna jambo jema linavyoweza kufia kwenye faili. Mkuu wa chuo yule alistaafu. Mpango mkakati wa pili uliandikwa hotelini, na mtaalamu aliyekodiwa, kwa muda wa juma moja. Mpishi hakuitwa. Viashiria vilikuwa vingi kuliko mwanzo, na karibu vyote vilihesabu tulichokifanya sisi: semina ngapi zimeendeshwa, kompyuta ngapi zimenunuliwa, vikao vingapi vimekaa. Kuwafuatilia wahitimu kulibaki, kwa kuwa wakaguzi wangekuulizia, ila fomu zilijazwa na wahitimu waliokuja mahafali, yaani wale ambao mambo yao yamekwenda vizuri. Muuza mitumba hakuja mahafali. Taarifa zilipendeza. Zilichapwa, zikakabidhiwa, zikapangwa kabatini kwa miaka yake. Nilikuwa ofisa mipango wakati huo, na nilipouliza kikao cha kuzisoma mbele ya wakufunzi na wanachuo kitakuwa lini, niliambiwa hakina kasma.

Ndipo nilipoelewa sawasawa kilichofanya miaka ile ya mwanzo iwe na matunda. Hatukuwa hodari kuliko waliotufuata. Wao walikuwa na shahada ambazo sisi hatukuwa nazo. Tofauti ilikuwa njia ya taarifa. Mwanzo ilitoka jikoni na masijala, ikaenda kwa mkufunzi wa hesabu, ikarudi darasani, na wizara ikapata nakala. Baadaye ilitoka kwa mtaalamu ikaenda kwa mkaguzi, bila kupita kwa mtu yeyote mwenye uwezo wa kubadilisha saa moja ya kufundisha. Tathmini inayokwenda juu peke yake humfundisha kila mtu kuandika yanayofurahisha walio juu. Inayorudi chini humlazimisha mtu kusema kweli, kwa sababu anayesikiliza alikuwepo na anajua.

Baraza lile sasa ni NACTVET, baada ya kuunganishwa na usimamizi wa mafunzo ya ufundi stadi mwaka 2021. Udahili na matokeo yako kwenye mfumo wa kompyuta, na kijana wa ofisi ya mipango anaweza kwa dakika moja kupata jedwali ambalo mimi nililihangaikia mwezi mzima. Wananitembelea wakati mwingine, vijana hawa, nao huniuliza tulikuwa tukitumia viashiria gani. Huwa nawajibu kwa kuwauliza maswali matatu. Waliochelewa kuripoti mwaka huu ni nani, na kwa nini? Ni mwajiri gani mliyemwomba awaambie asichokipenda, na mkamsomea mkufunzi jibu lake? Na katika taarifa yenu ya mwaka jana, ni kitu gani darasani kilibadilika kwa sababu yake?

Mifumo yao inaweza kujibu swali la kwanza leo hii kama wataamua kuliuliza. La pili linahitaji nauli na moyo wa kusikia. La tatu ndilo kipimo chenyewe. Chuo kinachoweza kulijibu kwa kutaja somo, mkufunzi na tarehe kinajua kinakokwenda, hata kama mpango wake umeandikwa kwa mkono. Kisichoweza, kiamini nisemavyo, hakijafanya tathmini, na vijana wanaolipa ada zao kwa pamba na mahindi wana haki ya kukidai.